Talaka na matunzo: uende peke yako, na msaidizi wa kisheria, au na wakili?

Tangu nilipomsindikiza binamu yangu mahakamani, watu wa mtaani huniuliza swali moja: "Unamjua wakili mzuri wa talaka?" Nami huwarudishia swali: mnagombania nini? Wengine hununa. Walitaka jina na namba ya simu, yaishe. Lakini mama anayedai matumizi ya watoto watatu na nusu ya kibanda cha vyumba viwili hana safari moja na mama ambaye mumewe ana Fuso mbili zilizosajiliwa kwa jina la shemeji.

Nimewaona wote wawili kwa karibu. Wa kwanza ni jirani yangu wa Mbagala, muuza genge, aliyeolewa kwa ndoa ya Kiislamu, nyumba yao ipo Chamazi na karatasi pekee waliyonayo ni ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Wa pili ni huyo binamu yangu, mwalimu, ndoa ya kanisani, mume mfanyabiashara. Jirani alimaliza shauri lake bila kumlipa wakili hata senti. Binamu alilipa mara mbili, na mara ya kwanza alimlipa mtu ambaye hakuwa wakili. Nitawaweka bega kwa bega, maana tofauti zao zinafundisha zaidi ya orodha ya majina ya mawakili. Ninayosema ni ya Tanzania Bara. Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki Zanzibar. Huko Waislamu hupeleka mambo haya kwa Kadhi, na hayo ni makala nyingine.

Kituo ambacho wote mtapita

Uwe na wakili au usiwe naye, shauri la talaka halianzii mahakamani. Linaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Wengi hulipata kwenye kata, wengine kwenye baraza la dini yao lililoundwa kisheria. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, ile inayoitwa Fomu Namba 3, na hiyo ndiyo unayoiambatanisha unapofungua shauri.

Karatasi hii inadharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayoua mashauri. Watu huleta barua ya mjumbe, barua ya mchungaji, au karatasi kutoka Ustawi wa Jamii wakidhani ni kitu kilekile. Sicho. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri yaliyokwishapita ngazi zote za chini kwa sababu hati ya baraza haikuwepo au haikuwa sahihi. Miaka ya kupanda na kushuka ngazi, halafu mnaambiwa rudini kwenye kata.

Zipo hali ambazo sheria inakuruhusu kuruka baraza: mwenzako amekutelekeza na hujui alipo, ameitwa barazani akakataa kuja kwa makusudi, amefungwa maisha au miaka isiyopungua mitano, au anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita. Hiyo ya mwisho inawagusa wengi ambao wenzao wako Omani au Marekani na hawapokei simu. Na ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haifunguliwi shauri la talaka mpaka mahakama itoe kibali, kwa mateso yasiyo ya kawaida.

Kwa hatua hii, jirani na binamu walikuwa sawa kabisa. Wakili hakuongezei chochote barazani. Jirani yangu alikwenda na dada yake na daftari la mia mbili lililoandikwa tarehe.

Mahakama ya Mwanzo peke yako

Sheria imetoa mamlaka sawa kwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu kusikiliza mashauri ya ndoa kwa mara ya kwanza. Unachagua mwenyewe, na watu wengi hawajui kwamba wana uchaguzi huo.

Mahakama ya Mwanzo imeumbwa kwa mtu asiye na wakili. Lugha ni Kiswahili tangu zamani, utaratibu ni mwepesi, karani anakusaidia kujua ujaze nini, na hakimu anauliza maswali mwenyewe badala ya kukaa kimya akisubiri wasomi wapambane. Ada ni ndogo. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kuingia humo; mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliwafungulia mlango pale ambapo anayeendesha ni hakimu mkazi. Kwa hiyo usishangae ukimkuta mwenzako amekuja na suti nyeusi pembeni yake.

Ubaya wake? Anayeshindwa kujieleza anaumia. Nimeona mama akisimama kizimbani akaeleza matusi ya wifi kwa nusu saa, na alipoulizwa nyumba ilijengwaje akasema, "Tulijenga tu." Basi. Hakutaja kikoba alichochukulia mkopo wa mabati wala miaka aliyouza vitumbua. Kilichoandikwa kwenye mwenendo wa shauri ndicho kitakachosomwa ukikata rufaa, na rufaa katika mambo ya ndoa ina siku 45. Huko juu huongezi ushahidi kwa sababu umekumbuka sasa.

Msaidizi wa kisheria na mashirika

Jirani yangu alipita hapa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, wale mnaowakuta kwenye kata. Huduma yao ni ya bure. Wanakuelewesha haki, wanakuelekeza uende wapi, wanakusaidia kupanga maelezo yako. Kusimama mahakamani kwa niaba yako hawaruhusiwi. Akikwambia "nitakutetea kortini, lete nauli", huyo si msaidizi wa kisheria tena.

Ngazi ya juu kidogo kuna mashirika yenye wanasheria: TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, WLAC, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake, LHRC, kituo cha sheria na haki za binadamu, ambacho hupokea na wanaume. Toka 2023 kuna pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Kituo Jumuishi cha Temeke kimekusanya mashauri ya mirathi na familia mahali pamoja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Unapunguza nauli, unapunguza na kuzungushwa.

Foleni zao ni ndefu, na mara nyingi watakuandalia nyaraka na kukufundisha namna ya kujieleza, halafu unaingia chumbani mwenyewe. Kwa jirani hilo lilitosha. Mwanasheria kijana alimkalisha saa nzima akamwambia jambo ambalo bado namnukuu kwa watu: usianze na hasira, anza na tofali. Nani alinunua kiwanja, mwaka gani, hela ilitoka wapi, nani aliona. Siku ya shauri mama yule alikuja na mashahidi wawili, mmoja fundi aliyepiga lipu, na daftari lake. Mume alikuja na maneno matupu.

Wakili wa kujitegemea

Binamu yangu hakuwa na namna nyingine. Mali zilikuwa nyingi, zimesajiliwa kwa majina tofauti, na mume alikwishaanza kutafuta mnunuzi wa nyumba waliyokuwa wakiishi. Hapo unahitaji mtu anayejua kukimbia: kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili nyumba ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi, kuomba amri za muda, kumhoji shemeji aeleze hela ya Fuso aliitoa wapi na mshahara wake ni wa ulinzi. Kazi hiyo mtu wa kawaida haiwezi, na kulazimisha ni kujidhulumu.

Lakini wakili wa kwanza hakuwa wakili. Alikuwa na ofisi ya meza moja jirani na mahakama, mhuri, na maneno mengi ya Kilatini. Alichukua laki tatu, akaandika hati iliyokosewa hata jina la mahakama, akaanza kutopokea simu. Vishoka wa namna hii wako karibu kila mahakama. Kinga ni ya dakika mbili: Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni, unaandika jina, unaona kama yumo kwenye orodha na kama leseni yake ni hai. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo mtu anaweza kuwa wakili kweli na bado asiruhusiwe kukusimamia mwaka huu. Mhuri peke yake usiuamini. Kariakoo wanachonga mihuri mchana kweupe.

Kuhusu hela, usione haya kuuliza. Kuna kanuni za malipo ya mawakili za 2015, lakini kwa talaka mengi ni makubaliano. Wapo wanaotaja fungu moja kwa kesi nzima, wapo wanaodai kidogo mwanzoni halafu kila siku ya kwenda mahakamani ni hela. Fungu moja linaonekana kubwa na linatisha. La kidogokidogo linavutia. Mimi nachagua fungu moja, kwa sababu mashauri haya huahirishwa mno: hakimu yuko safari, mjibu maombi anaumwa, samansi haikumfikia. Kila ahirisho kwa mpango wa pili ni wewe unayetoboka mfuko. Vyovyote iwavyo, yaandikwe, na udai risiti. Tena usitegemee kwamba mwenzako ataamriwa kukurudishia: katika mashauri ya ndoa mahakama kwa kawaida husema kila upande ubebe gharama zake.

Muulize pia nani hasa atasimama siku ya shauri, yeye au kijana wa ofisini kwake. Na wakili mmoja hawezi kuwatetea mume na mke katika shauri lilelile, hata kama mmeachana kwa amani na yeye ndiye aliyewasimamia harusi.

Wakili anayekuahidi "utapata nusu ya kila kitu na milioni kila mwezi" kabla hajaona karatasi hata moja, mwage na uondoke. Wa pili wa binamu yangu, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, alianza kwa kumwambia mambo matatu ambayo hatayapata. Tulijua tumefika.

Sasa matunzo yenyewe

Mtaani neno ni moja: "Atakutunza." Mahakamani matunzo ya mke, mgawo wa mali na matunzo ya watoto ni madai tofauti, yana ushahidi tofauti, na usipolitaja moja hakuna atakayekukumbushia.

Matunzo ya mke ndiyo watu wanayoyategemea kupita kiasi. Ndoa ikiwa hai, mume ana wajibu wa kumtunza mkewe kwa makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Mahakama inaweza kumwamuru alipe akikataa kumtunza, akimtelekeza, shauri likiwa linaendelea, na wakati wa kutoa amri ya kutengana au talaka. Mume naye anaweza kudai kwa mke, lakini mlango wake ni mwembamba: awe ameshindwa kujitafutia riziki kwa ugonjwa au ulemavu wa mwili au akili, na mke awe na uwezo.

Hakuna asilimia. Narudia hili kwa sababu kuna watu wanatembea na "theluthi ya mshahara" kichwani kama vile imeandikwa mahali. Hakimu anaangalia kwanza uwezo wa anayelipa na mahitaji ya anayedai, kisha nani alichangia ndoa kuvunjika na kwa kiasi gani, kisha desturi za jamii yenu. Mume wa ajira ana hati ya mshahara na mnajua pa kuanzia. Mume wa bodaboda au wa mnadani atasema hana kitu, na kama huna picha ya biashara, miamala ya simu au shahidi, hakimu atabaki na neno lake. Kiwango kikiishawekwa kinaweza kubadilishwa hali ikibadilika, na haki hiyo inakoma aliyeachwa akiolewa tena.

Kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu, sheria inatambua matunzo ya kipindi cha eda, ule muda wa kusubiri baada ya talaka. Jirani yangu aliyapata hayo, miezi mitatu, na yalimtosha kununua gunia mbili za viazi kuanzia upya. Talaka ya mdomo au ya karatasi haimalizi mambo mbele ya mahakama: bado mnapita barazani, na kitendo cha talaka kikifanyika baada ya hati ya baraza ndipo mahakama inaona ndoa imevunjika.

Ambalo wengi hawaliombi ni matunzo ya wakati shauri linaendelea. Shauri linaweza kula mwaka na zaidi. Mke amehamia kwa mama yake na watoto, mume amebaki na duka. Kila mwezi unaopita, mwenye duka anazidi kuwa na nguvu ya kusubiri na mwenye watoto anazidi kukubali chochote. Wakili wa binamu yangu aliomba hili kabla ya jambo jingine lolote. Kama unakwenda peke yako, liombe siku ya kwanza, kwa mdomo wako, mpaka liandikwe.

Kuna pia kutengana kwa amri ya mahakama, bila talaka. Wakatoliki wengi hulichagua hili: ndoa inabaki, mnaishi mbalimbali, na matunzo yanaweza kuamriwa. Na ambao hamkufunga ndoa lakini mmekaa miaka miwili na zaidi mkijulikana kama mume na mke, msikate tamaa. Kuna dhana ya ndoa, na mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto kwa msingi huo. Kazi ni kuithibitisha, maana inaweza kupingwa.

Mali ndipo penye uzito

Ukinilazimisha kuchagua mahali pa kuweka nguvu yako kati ya matunzo ya mke na mgawo wa mali, nitasema mali. Matunzo ni ahadi ya mtu aliyekukasirikia, utaifuata kila mwezi. Sehemu ya nyumba ukiipata umeipata.

Hapa historia inasaidia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama za chini zilikuwa zimemwona Bi Hawa kuwa mke wa nyumbani tu ambaye hakununua kitu, hivyo hana mgawo. Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Tangu siku hiyo kupika, kufua na kulea kumehesabika. Watu husimulia hadithi hii na kuishia hapo kwa vigelegele. Wanachosahau ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa: mahakama iliona kwamba fedha nyingi alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya familia alizifuja, na hilo likafuta mchango wake. Kanuni ikabaki, mwenye shauri akatoka bila mgawo.

Kwa hiyo sheria inasema mahakama ielekee kwenye usawa, lakini baada ya kupima mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni mliyokopa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo, na desturi. Nusu kwa nusu haiji yenyewe. Hata nyumba aliyokuwa nayo kabla hajakuoa inaweza kuingia kwenye hesabu kama mliiboresha kwa kiasi kikubwa pamoja. Weka risiti za saruji.

Watoto, na hapa nitakuwa mfupi: matunzo yao hayasubiri talaka. Unaweza kuyadai leo, kupitia ofisi ya Ustawi wa Jamii kwa makubaliano au mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa ni bora akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi.

Ningechagua vipi

Kama mali yenu ni moja au mbili, inajulikana na mtaa mzima, na mwenzako hajaanza kuficha, ningekwenda Mahakama ya Mwanzo baada ya kukaa na mwanasheria wa shirika mara mbili tatu. Hela ya wakili ningeiweka kwenye karo. Kama kuna hati za viwanja, kampuni, pensheni, gari kwa jina la ndugu, au mwenzako tayari ana wakili, ningetafuta wangu mapema na kufungua Mahakama ya Wilaya. Tangu 2021 hata huko lugha ni Kiswahili, kwa hiyo utaelewa kinachosemwa juu ya maisha yako.

Kuna njia ya katikati ambayo watu hawaitumii: kumlipa wakili kwa ushauri na kuandika hati tu, ukaenda kusimama mwenyewe. Mawakili wengi watakubali ukiwauliza. Kwa mwenye kiwanja kimoja chenye mgogoro mdogo, hii ndiyo ningeanza nayo.

Kipigo kikiwepo, yote niliyosema juu ya gharama yageuze. Nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kwanza, pata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tibiwa. Karatasi ile itakusaidia barazani na mahakamani.

Siku ya kwanza unapokwenda kumwona yeyote kati ya hao, chukua bahasha ya kaki. Weka cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala za hati au mauziano, taarifa za benki au za simu za mwaka mmoja, risiti za ada, na karatasi moja yenye tarehe: mlioana lini, mlinunua nini lini, mliachana kulala chumba kimoja lini. Jirani yangu daftari lake bado analo. Siku hizi anawaazima wenzake wa gengeni waone namna ya kuandika.